Pango la Baba Mkwe

Thulo alimwibia Maletsema pango. Hakumwibia kondoo wala blanketi, vitu ambavyo mwizi mwenye haya huvitorosha usiku hadi ng'ambo ya mlima. Alimwibia pango zima, na popo wake, na giza lake, mchana kweupe, mbele ya chifu na kijiji kizima kimekaa barazani. Na aliliiba kwa mdomo ambao Maletsema mwenyewe alikuwa amemwomba amwazime.

Maletsema aliingia ukoo wa Khoabane akiwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe alimpokea kwa vitu vitatu: kitambaa cha kichwa, jina la mama wa mtoto ambaye hajapata kuzaliwa, ndilo hilo Maletsema, na maneno asiyotakiwa kuyatamka. La kwanza kati ya hayo maneno lilikuwa Khoabane, jina la baba mkwe. Mkaza mwana halitaji jina hilo mzee akiwa hai, halitaji akishakufa, halitaji hata akibanwa na mkuu wa polisi. Ikibidi litajwe, humgeukia mtu wa ukoo aliye karibu, na huyo humsemea. Kila mke wa milimani ameazima mdomo namna hiyo, dukani, zahanati, hata mbele ya padri. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mdomo ulioazimwa unaweza kutoroka na mzigo.

Sasa, pango lenyewe nalo liliitwa Khoabane. Mzee alipokuwa kijana, theluji ilimkuta malishoni na ng'ombe wa baba yake, akawaingiza pangoni, wakakaa siku tatu. Alilala karibu na mlango, mgongo umeegemea ng'ombe, akatoka na jina lake limebandikwa kwenye mwamba milele. Mwanamume hupewa mlima kwa kulala tu.

Maletsema yeye alipewa ndoo. Kila mwaka kabla ya Krismasi kuta za nyumba hupakwa upya, na udongo mweupe wa kuzipaka ulitoka pangoni. Udongo wa karibu na mlango ulikuwa umechotwa na wake wa ukoo tangu enzi na enzi, umebaki wa kijivu, na mama mkwe hakutaka kijivu. "Nyumba ya jirani inang'aa kama jino," alisema, "na yangu itang'aa zaidi, au hukuletwa hapa kufanya kazi?" Basi bi harusi akaufuata udongo mweupe ulikokwenda. Ulikwenda ndani, nyuma ya ukumbi wa kwanza, ukapita kwenye ufa ambao kondoo aliyenona angeukataa. Akawasha kipande cha mshumaa, akalala ubavu wa kushoto, akatanguliza mkono, akatoa pumzi yote kifuani, akapenya.

Upande wa pili alikuta ukumbi unaoweza kumeza kanisa. Kulikuwa na dimbwi la maji meusi, safi, baridi ya kuuma meno. Na ukutani juu ya dimbwi walisimama pofu, wale swala wakubwa kuliko ng'ombe, wekundu, saba, mmoja amegeuza shingo kumtazama mgeni. Waliwachora Waroa, watu waliokaa milima hii kabla ya babu zetu kuja kuwafukuza kwa adabu zetu zote. Maletsema alijaza ndoo udongo, akamwambia yule pofu aliyegeuka, "Shikamoo," akarudi nyumbani. Mama mkwe akasema amechelewa.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, chemchemi zilipogeuka mavumbi, ukoo wa Khoabane ulikunywa maji miezi miwili mfululizo. Aliyeyatoa ni Maletsema, dumu moja moja, akilisukuma mbele yake ndani ya ufa. Shemeji yake Thulo, mdogo wa mume wake Tlali, aliyanywa akiwa amejilaza. "Matamu haya, shemeji," alisema. "Ukienda tena, niletee." Huo ndio mchango wa Thulo katika ukame ule.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza maji yanatoka wapi, naye ni baba mkwe. Jioni moja kando ya moto Maletsema alimsimulia, macho chini kama inavyotakiwa: ufa, dimbwi, pofu saba, yule aliyegeuza shingo. Mzee akacheka hadi akashika mbavu.

"Kwa hiyo mimi siku tatu nililala mlangoni kwa watu bila kubisha hodi!"

Akavua blanketi lake zuri, lile la sikukuu, akamfunika mkaza mwana wake mabegani. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaambia wenzake: "Lile pango lina jina langu, lakini ufunguo anao mke wa Tlali." Mzee huyo hakuwahi kumwinulia sauti. Alipokufa, Maletsema alimlilia kuliko watoto wake wa kuzaa. Tlali naye alikuja kufa baadaye, kwa kikohozi alichotoka nacho migodini. Jina la mzee lilibaki ndilo kitu pekee ambacho Maletsema angeweza kumtunzia. Akalitunza.

Thulo alikuwepo jioni ile kando ya moto. Alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma. Masikio yake, ambayo hayakuwahi kusikia akiitwa kwenda kukata kuni, siku hiyo yalisikia kila neno.

Miaka ikapita. Serikali ikapanua hifadhi yake hadi kwenye miamba yetu, na Bwana Molise wa hifadhi akaja na kitabu kikubwa, kalamu mbili mfukoni, na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga samadi. Chifu akaita baraza. Bwana Molise akaeleza kwamba wageni watakuja kutazama pango, kwa hiyo anatafutwa mtu mmoja, mwenyeji, anayelijua pango hadi ndani. Huyo ndiye atakayekuwa mwongozaji, avae kofia ya hifadhi, na jina lake liandikwe kitabuni na kwenye kibao cha getini.

"Anayelijua asimame," alisema.

Wanaume wakatazamana. Maletsema akasimama. Wakati huo alikuwa amepita miaka arobaini, magoti yana sugu za mwamba. Mapuleng, jirani yake, aliyeolewa na mtoto wa ndugu yake mzee, akamvuta blanketi kwa furaha. "Simama vizuri, mwenzangu, wakuone!"

"Vizuri, mama," alisema Bwana Molise, kalamu tayari. "Tuanze na jina la pango."

Maletsema akatazama chini. "Ni lile, baba. Lile la huko juu."

"Najua ni la juu, mama, pango la chini ningeliita shimo." Watu wakacheka. "Jina lake?"

"La baba wa marehemu mume wangu."

"Ambaye aliitwa?"

Bwana Molise alizaliwa mjini, mama yake alikuwa mwalimu, na kule mjini inaonekana wakaza mwana hutaja chochote wanachotaka. Maletsema akafanya kama walivyofanya wake wote kabla yake: akamgeukia mtu wa ukoo aliye karibu. Aliye karibu alikuwa Thulo.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "nisemee."

Thulo akainuka. Alikung'uta suruali. "Khoabane," alisema. "Linaitwa pango la Khoabane, mheshimiwa. Baba yangu mzazi."

Hapo ndipo mdomo wa kuazima hufungwa. Husema neno lililoombwa, ukarudi kukaa. Huu haukukaa.

"Na ndani," Thulo aliendelea, "baada ya ukumbi wa kwanza kuna ufa. Baada ya ufa kuna ukumbi mkubwa, mheshimiwa, mkubwa kuliko kanisa. Kuna dimbwi. Kuna pofu saba wa Waroa, na mmoja amegeuza shingo. Hivi." Akageuza shingo.

"Ajabu!" Bwana Molise alikuwa anaandika hadi kalamu inatoa moshi. "Na huyu mama?"

Thulo akamtazama shemeji yake kwa huruma ya hali ya juu. "Huyu huenda kuchota udongo, mheshimiwa. Pale mlangoni."

Maletsema alifungua mdomo. Lakini aseme nini? Kila sentensi ya kujitetea ilianza na jina la pango, na jina la pango lilikuwa la mzee aliyemfunika blanketi. Alitazama wanaume waliokuwa wakimsikia mzee akisema habari ya ufunguo. Wote waligundua kwa wakati mmoja kwamba viatu vyao vina kitu cha kutazama. Chifu akakohoa, akauliza kama kuna jambo lingine.

Kitabuni, mbele ya jina la Maletsema, Bwana Molise aliandika neno moja. Thulo mwenyewe ndiye aliyekuja kumsomea, kwa ukarimu, asije akakosa usingizi kwa kutojua: "Hajui."

Miaka mitatu Thulo alikuwa mwongozaji. Alikuwa mwongozaji hodari sana wa mita ishirini. Aliwaingiza wageni ukumbi wa kwanza, akawaonyesha popo, akawaambia baba yake alipigana na chui hapo (chui huyo alikua kila mwaka), kisha akawatoa. Wakiuliza kuhusu dimbwi na pofu, alisema msimu si mzuri. Hakuwahi kusema msimu mzuri ni upi. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuukaribia ufa ule, na kitambi alichokipata kwa kazi ya kusimama hakikumshawishi aanze.

Njia ya kwenda pangoni hupita nyuma ya nyumba ya Maletsema. Wageni walimsimamisha kila wiki. "Mama, pango la Khoabane liko wapi?" Naye aliwaelekeza kwa kidole, kwa sababu hata kurudia walichosema hakuweza. Wengine walimhurumia wakidhani ni bubu.

Basi siku moja ya majira ya baridi, jua liko utosini, Bwana Molise alikuja mwenyewe, na wakubwa wanne kutoka makao makuu ya hifadhi, mmoja wao mwanamke mwenye kamera. Alikuwa amekisoma kitabu chake. Pofu saba waliandikwa humo, na wakubwa walitaka kuwaona pofu saba.

"Msimu, mheshimiwa..." alianza Thulo.

"Msimu wa nini? Wamechorwa!"

Saa mbili baadaye Mapuleng alifika kwa Maletsema anakimbia, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni.

"Mwenzangu, njoo! Shemeji yako amekwama!"

"Amekwama na nini?"

"Na mlima! Nilikuwa naokota kuni pale nje, nikasikia kelele ndani. Anaita mama yake!"

"Mama yake alikufa."

"Basi anamwita kwa bidii."

Maletsema alikuwa anakoroga ugali. Aliusonga hadi ukaiva, akaufunika, maana ugali haukuwa na kosa lolote. Akachukua kopo la mafuta ya kondoo na mshumaa. Mapuleng alimsindikiza hadi mlangoni mwa pango, hapo akaona popo, akasema yeye atasubiri na kuomba Mungu.

Ukumbini, mshumaa ulimwonyesha Maletsema kitu ambacho kingestahili kuandikwa getini. Katika ufa, usawa wa magoti yake, kilikuwa kimechomoza kichwa cha Thulo, na kofia ya hifadhi juu yake, na mkono mmoja wa kulia. Vilivyobaki vyote vilikuwa upande wa pili pamoja na serikali. Wakati wa kuingia, Thulo alisukumwa na watu wanne kutoka nyuma. Kutoka, alitaka kutangulia ili aonekane anaongoza, na upande ule wa dimbwi, penye utelezi, hawakuweza kumsukuma vizuri. Aliingia kwa kifudifudi, koti zito, mkanda wa chuma, kifua kimejaa hewa ya hofu. Alikuwa kizibo, na nyuma ya kizibo wakubwa watano walikuwa gizani, tochi zao zimeanza kufifia.

"Shemeji!" Thulo alilia. "Ahsante Mungu! Nivute!"

Maletsema aliketi juu ya jiwe. "Shikamoo, mwongozaji."

"Shemeji, si wakati wa mzaha. Nashindwa kupumua."

"Unapumua sana, ndiyo shida yako. Hapa watu hupita bila pumzi. Hukusikia nilivyomwambia mzee? Au muhindi ulikuwa unapiga kelele mdomoni?"

Kutoka nyuma yake ilisikika sauti nzito, ya mbali, kama mtu anayesema ndani ya mto wa kulalia. "Nani yuko huko?"

"Wanauliza ni nani," alisema Maletsema. "Waambie. Wewe ndiye msemaji wetu."

"Ni shemeji!" Thulo alipaza sauti, lakini kichwa chake kilikuwa upande huu, na sauti ikaja upande huu.

Maletsema alifungua kopo la mafuta. Hakulipeleka mbele. "Thulo. Siku ile barazani nilikuomba neno moja. Ulisema mangapi?"

"Shemeji..."

"Leo mdomo wako uko mbele yangu na hauna pa kukimbilia. Sema sasa yale uliyopaswa kusema."

Maji yalidondoka mahali fulani. Thulo alitazama kopo, akatazama mshumaa, ambao ulikuwa mfupi.

"Jina la pango ni la baba," alisema hatimaye, na machozi yalikuwa ya kweli, "lakini njia ni yako. Wewe ndiye uliyeifungua. Maji ya ukame uliyaleta wewe. Mimi sijawahi kuingia humu hadi leo, na Mungu ni shahidi sitaingia tena."

"Tena."

Akarudia.

"Na barazani utayasema?"

"Nitayasema! Jumapili hii! Nitamwita chifu mwenyewe! Shemeji, mafuta!"

Maletsema akampaka mafuta shingoni na begani, akachota udongo mweupe uliolowa akaongeza. Akaingiza mkono kwenye ufa, akafungua mkanda wa chuma. "Geukia kushoto. Mkono huu mbele. Sasa toa pumzi. Yote. Na ile ya barazani pia." Akamvuta. Thulo alitoka akiwa mweupe mwili mzima kama ukuta wa Krismasi, suruali imebaki nyuma kwa Bwana Molise.

Wengine alipenya akawafuata mwenyewe. Aliwaelekeza mmoja mmoja, ubavu upi, mkono upi, kwa sauti ya mtu anayepanga vyombo. Mama mwenye kamera alimshika mkono muda wote, akamwambia chozi linamtoka: "Mama, unaijua nyumba hii kama jikoni kwako." Maletsema alimpenda kidogo kwa neno hilo. Alipopita karibu na dimbwi aliinua mshumaa. Yule pofu alikuwa bado amegeuza shingo.

Nje, juani, Bwana Molise alijikung'uta, akamkabidhi Thulo suruali yake bila kumtazama, kisha akamgeukia Maletsema.

"Mama, mbona unalijua pango kiasi hiki? Siku ile barazani ulinyamaza!"

"Sikunyamaza, baba. Nilisema kwa mdomo wa shemeji yangu. Na leo ndani amekiri. Hamkusikia?"

Wakubwa walitazamana. "Tulisikia ngurumo ngurumo," alisema mmoja. "Lakini bwana huyu alikuwa ameziba... alikuwa ameziba kabisa."

Bwana Molise ni mtu wa haki, kila mtu husema hivyo. Palepale alifungua kitabu juu ya goti. "Kosa likionekana husahihishwa. Nikuandike sasa hivi. Jina la pango?"

Maletsema hakuamini masikio yake. Akamgeukia Mapuleng. Mapuleng alifungua mdomo, kisha akaufunika kwa kiganja: naye ni mke wa ukoo huo huo, mzee ni mkwe wake pia. Wanawake wawili walisimama wakitazamana kama mbuzi mbele ya lango lililofungwa. Kwa wakubwa hawakugeuka. Kumwomba mtu wa nje ataje jina la mzee mbele yenu ni kumvua nguo mzee huyo sokoni.

Alibaki mmoja. Wote wakamtazama Thulo, aliyekuwa anavaa suruali nyuma ya kichaka.

"Semea shemeji yako," alisema Mapuleng. "Na umalizie na yale mengine!"

Thulo akashika koo. Akakohoa. Akaonyesha kwa ishara kwamba vumbi la pangoni limemwingia, hawezi kusema, anasikitika sana. Mdomo uliokuwa mpana barazani, uliokuwa mpana ndani ya mwamba, ulifungwa ghafla kama duka siku ya msiba.

"Jina lenyewe ninalo humu kitabuni," alisema Bwana Molise, amechoka, jua linamchoma. "Lakini sheria inataka mwongozaji alitaje mwenyewe, au asemewe na mwenye ukoo. Tutalishughulikia, mama." Akafunga kitabu. Taarifa iliyosomwa barazani mwezi uliofuata ilisema wageni walitoka salama chini ya uongozi wa Thulo Khoabane, wakisaidiwa na mwanamke mmoja wa kijijini.

Jumapili ile ya ahadi Thulo alikuwa na mafua. Ya pili alikuwa na harusi. Sasa kofia yake amenunua mpya, kwa sababu ile ya zamani ilishika mafuta ya kondoo, na bado huwaonyesha wageni popo na mahali pa chui, ambao sasa wamekuwa wawili. Akikutana na Maletsema njiani husalimia vizuri sana, kwa mbali.

Maletsema bado huenda huko juu kabla ya Krismasi, na ndoo. Ng'ambo ya dimbwi kuna ufa mwingine, mwembamba zaidi, na nyuma yake ukumbi wa tatu. Huo hakuwahi kumsimulia mtu, hata mzee kando ya moto, na anamshukuru Mungu kwa usahaulifu huo.

Jina la baba mkwe hajalitaja hadi leo. Bwana Molise anadaiwa neno moja, alifute: lile "hajui." Chifu na wazee wa baraza wanadaiwa kikohozi na macho waliyoyaficha viatuni. Na Thulo mwana wa Khoabane anadaiwa sentensi nne, alizokwisha kuzitamka mara mbili kwa ajili ya mafuta, azitamke mara ya tatu, amesimama barazani, mchana, amefunga mkanda, hajabanwa na kitu chochote.